Kisanduku cha Bila Mwisho

Nachingwea, Jumamosi, saa tisa alasiri

Latifa,

Nimeliandika jina hilo mara tatu kwenye karatasi ya kujaribia kabla ya kulileta hapa. Mkono ulitaka kuandika "Mama", kama ulivyozoea. Ulipokuwa bweni kule Ruangwa barua zangu zote zilianza na "Mama yangu" zikaishia na "mwanao". Uliniambia wenzako walikuwa wanacheka. Hukuniomba niache, na mimi sikukuuliza kama unapenda.

Maagizo ya safari yapo kwenye karatasi nyingine, mfuko wa mbele wa begi jeusi, pamoja na dawa za miezi miwili. Huko nimepanga kila kitu kwa namba, unanijua. Hapa sitarudia hata kimoja. Nataka kukueleza jambo nililokufanyia ulipokuwa na miaka tisa, kwa kubonyeza mara moja tu, na ambalo nimelitengua juzi Alhamisi. Wewe umekwenda Mandawa kuaga na utarudi jioni, kwa hiyo nina kama saa tatu za peke yangu. Nitaiweka barua hii katikati ya kanga mpya. Utaikuta usiku ukizipanga; isome kabla hujalala, ukiwa peke yako.

Unajua ninafanya kazi ya kuingiza taarifa za wakazi kwenye kompyuta ya mradi wa afya, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza kazi yenyewe ikoje. Kila mtu ana mstari wake. Kwenye mstari kuna jina, namba, nyumba, na kipindi. Kipindi kina ncha mbili: siku mtu alipoanza kuishi katika nyumba ile, na siku alipoacha. Ncha ya kwanza ni rahisi. Ya pili ndiyo yenye matatizo, kwa sababu wengi tunaowaandika bado wapo, na siku ya kuondoka haijulikani.

Tulipofundishwa, tuliambiwa hivi: kama mtu bado anaishi pale, nafasi ya siku ya mwisho iacheni tupu. Kando ya nafasi hiyo kuna kisanduku kidogo kimeandikwa BILA MWISHO. Hicho kiliwekwa kwa ajili ya vitu visivyohama, kama kisima, zahanati au shule, kwa sababu navyo vimo kwenye orodha hiyo hiyo. Mwalimu wetu alisema msikiguse kwa watu. Mmoja wetu akauliza, "Kwani tofauti ni nini? Tupu si ndiyo bila mwisho?" Mwalimu akasema tutaelewa mbele ya safari. Mimi nimechukua miaka kumi na miwili.

Sasa nirudi Mandawa.

Bibi yako Siwema alifariki mwezi wa kumi na moja, korosho zikiwa chini ya miti bado hazijaokotwa. Wewe ulikuwa unaishi naye, kwa sababu mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi huku Nachingwea na nimepanga chumba kimoja. Wewe ndiye uliyekuwa ndani naye asubuhi ile. Hilo hatujawahi kulizungumza. Siku ya arobaini mjomba wangu Mfaume, yule unayemwita Babu, alikukalisha kwenye kigoda cha bibi yako, akakufunika kitenge chake, akakupaka unga kidogo kwenye paji la uso. Akawaambia watu waliojaa uani:

"Siwema huyu hapa. Hajaenda popote. Mwenye shida na Siwema aje kwake."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuja mbele yako nikapiga magoti, nikakuita mama. Ndivyo inavyofanywa kwetu, na mimi mwenyewe nilimkuta mama yangu akiitwa hivyo na watu wazima waliomzidi umri. Jina halizikwi, linapewa mtu. Sina ugomvi na hilo mpaka leo. Watu wengi wamebeba majina ya bibi zao na wakacheza, wakasoma, wakaolewa, na jina likawa kama kitenge tu, unakivaa na kukivua.

Kosa nililifanya mimi, wiki ile ile, ofisini.

Nilifungua orodha ya Mandawa. Mstari wa Siwema ulikuwa juu, mstari wa Latifa chini yake. Nilitakiwa niandike siku ya mwisho ya Siwema. Vidole vilikataa. Nilipiga simu kwa mjomba nikijifanya nauliza kikazi.

"Mjomba, hapa kompyuta inauliza Siwema yupo au hayupo."

"We si ulikuwepo? Uliona nini?"

"Niliona."

"Basi andika ulichoona. Yupo."

Kuna sehemu kwenye mfumo ya kurekebisha watu walioandikwa mara mbili. Unachagua mistari miwili, unaiambia mashine hawa ni mtu mmoja, kisha unaiambia ni mstari upi uendelee. Nilichagua wa Siwema na wa Latifa. Nikasema ni mtu mmoja. Mashine ikauliza: nani aendelee? Nikabonyeza Siwema. Kisha kwenye nafasi ya siku ya mwisho nikatia alama kwenye kisanduku cha BILA MWISHO.

Mstari wako ulififia ukawa wa kijivu, wa mtu aliyefungwa. Wake ukabaki mweusi.

Tafadhali elewa ninachosema, mwanangu. Mama yangu alikufa, na mimi nikakufunga wewe. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na nafuu kifuani, na nikaandika kwenye daftari langu: "Kazi ya Mandawa imekamilika."

Mwezi uliofuata Mzee Chilumba, anayetembelea nyumba za Mandawa kwa niaba ya mradi, alipewa orodha iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta yangu. Maswali ya mtoto ni mengine, ya mzee ni mengine. Kwenye nyumba yetu, ukiacha ya mjomba, alipewa karatasi moja tu, ya bibi mzee. Mimi nilikuwa nimekuja likizo, nikayasikia mazungumzo yenu nikiwa jikoni, na jioni niliyaandika.

"Hodi! Bibi Siwema yupo?"

"Nipo, karibu."

"Habari za magoti, bibi?"

"Yananiuma. Asubuhi ndiyo zaidi."

"Na macho?"

"Kuna ukungu."

"Ukungu wa karibu au wa mbali?"

"Wa mbali. Wa karibu naona."

Alikuwa anacheka, nawe ulikuwa unacheka, nami nilicheka jikoni. Aliandika yote. Alikuwa mtu wa kujaza kila nafasi. Mwezi uliofuata alikuja tena na maswali yale yale, na uliofuata. Niliporudi likizo nyingine nilikukuta unatembea umeshika kiuno. Ulikuwa unainuka kitini kwa awamu mbili, kwanza mikono, kisha mgongo, kama yeye. Nilikuuliza unaumwa wapi. Ukaniambia, "Magoti, mwanangu." Hukucheka safari hiyo.

Nilipaswa kusimama hapo. Badala yake nilifurahi. Nakuambia ukweli wote leo. Nilikaa karibu yako nikakukanda yale magoti madogo yenye makovu ya kuanguka, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Ulianguka mara ya kwanza ulipokuwa unapeta ufuta uani. Ungo uliruka, ufuta ukamwagika, ukatoa sauti moja nzito ambayo haikuwa ya mtoto, kisha mwili ukakaza. Nilikimbia. Mjomba Mfaume akanizuia kwa mkono.

"Usimguse. Anakuja mwenyewe."

"Mjomba, mtoto anaumia."

"Mtoto gani?"

Nikasimama. Nilikuwa na hatua nne tu kufika ulipolala. Nilihesabu dakika kwa saa yangu ya mkononi, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu, na nikaandika: "Leo Mama amekuja. Dakika tatu." Ninayo madaftari yote, ukitaka siku moja nitakuonyesha. Katika miaka miwili niliandika "Mama amekuja" mara kumi na moja. Mara nyingine nilikuwepo, mara nyingine nilipigiwa simu, na nilipopigiwa simu nilisikitika kwamba nimekosa.

Kwenye karatasi ya maswali ya watoto kuna swali la saba: je, mtoto amewahi kuanguka na kupoteza fahamu? Swali hilo nililiandika mimi kwenye kompyuta kwa vidole hivi hivi. Lilichapwa kila mwezi kwa watoto wote wa Mandawa. Kwako halikuchapwa, kwa sababu kwenye orodha hapakuwa na mtoto katika nyumba ile. Palikuwa na mjomba, na bibi mmoja mwenye ukungu wa macho.

Ukaja kuanguka jikoni, kwenye mafiga. Kovu unalo mkono wa kushoto na unajua limetoka wapi, ila hukumbuki zahanati, kwa sababu ulikuwa umelala. Nesi alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Alifungua orodha yake.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Siwema."

Akatembeza kidole. "Siwema wa nyumba hiyo ana miaka themanini na moja."

Nikakufunika miguu kwa kanga.

"Mama, nimekuuliza mtoto. Jina la kuzaliwa."

"Latifa."

Akatembeza kidole tena, akageuza karatasi, akarudi mwanzo. "Latifa hayupo." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Sasa nimtibu nani? Huyu niliyemshika mkono hapa ni nani?"

Alisema kwa utani, ili nisilie. Akachukua kadi tupu akaandika kwa kalamu: Latifa, miaka kumi na mmoja. Akauliza umeanguka mara ngapi. Nikamwambia kumi na mbili, na tarehe zake, na dakika. Aliacha kuandika. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umeziandika zote?" Nimeisikia sauti ile kichwani mara nyingi kuliko ugomvi wowote niliowahi kuupata.

Ndipo nilipokuleta Nachingwea. Hospitali, vidonge asubuhi na jioni, na baada ya miezi mitano hukuanguka tena. Magoti yakapona yenyewe. Ukajifunza baiskeli. Lakini kwenye kompyuta sikugusa kitu. Nilikuhamisha wewe, mstari nikauacha. Na nikaendelea kukuita Mama, nikijiambia kwamba hilo halina madhara, ni mazoea ya mdomo.

Unaweza kuuliza ilikuwaje kosa likae miaka yote hiyo bila mtu kuliona. Hapo ndipo nilipokuja kuelewa kile kisanduku. Mwezi uliopita, ulipopata nafasi ya chuo Morogoro, nilitaka kuhamisha taarifa za dawa zako ziende kliniki ya huko, ili usianze upya na daktari asiyekujua. Hospitali hapa wakasema lazima uhamisho upite kwenye mfumo wetu. Nikaandika namba yako na tarehe ya kesho yake. Mashine ikakataa. Ilisema: mtu huyu yupo Mandawa, bila mwisho, kipindi kipya kinagongana na kilichopo. Nikajaribu mwezi ujao. Kinagongana. Nikajaribu mwaka ujao. Nikajaribu miaka hamsini mbele, nikiwa nimeshika kingo za meza. Kinagongana. Hapakuwa na siku hata moja iliyobaki kwa ajili yako.

Nikampigia fundi wa mfumo, dada mmoja wa Dar es Salaam anaitwa Neema, mchangamfu sana.

"Mama, huyu wa Mandawa hukumwacha tupu. Umempa infinity."

"Ni nini hiyo?"

"Hicho kisanduku cha bila mwisho. Ukiacha tupu, mashine inajua kwamba haijui. Kila mwezi wa saba inapitia walioachwa tupu wote, inakutolea orodha uwaulize: bado yupo? Lakini ukitia alama pale, umeshajibu. Kwa mashine hiyo ni tarehe kama tarehe nyingine, ila hakuna inayoifikia. Haikuulizi tena. Huyu hajaulizwa miaka kumi na miwili, mama. Halafu ngoja..." Nilimsikia akibonyeza. "Kwenye karatasi anachapwa kwamba atakaa hadi mwaka elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Ha! Bibi ana kazi huyo."

"Mbona anachapwa, kama haulizwi?"

"Kwa sababu leo ni ndani ya kipindi chake. Kila siku ni ndani ya kipindi chake. Na hapa kuna alama za mtembeleaji. Mwezi wa sita, yupo. Wa tano, yupo. Mwaka jana wote, yupo." Sauti yake ilishuka. "Mama, si umesema binti yuko na wewe Nachingwea?"

"Tangu ana miaka kumi na mmoja."

"Sasa nani anatiwa alama?"

Niliandika swali lake kwenye daftari. Akaniambia anaweza kuwatenganisha Siwema na Latifa, lakini anahitaji tarehe moja kutoka kwangu, siku aliyofariki bibi. "Bila hiyo siwezi kumtoa binti. Nikimtoa, mstari wa bibi utabaki bila mtu na bila mwisho, na mfumo hautakubali."

Nilikwenda Mandawa Jumatatu iliyofuata. Nilikuambia nakwenda semina. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na watu wa mikorosho walikuwa wanapuliza salfa, ile dawa ya unga ya miti. Mabomba ya kupulizia yanalia mbali na vumbi la njano linatembea chini ya miti kama ukungu. Nilimkuta Mzee Chilumba kwake, anajiandaa kwa mzunguko. Amezeeka, lakini kalamu iko mfukoni pale pale.

"Mzee wangu, nyumba ya marehemu mama, unamwandika nani?"

"Bibi Siwema."

"Siwema mdogo nilimchukua miaka kumi sasa."

"Najua. Nilimpungia mkono."

"Sasa unamwona nani?"

Akachukia kidogo. "Mimi sitii alama nyumba nisiyofika. Waulize wote. Nafika, napiga hodi, naitikiwa, naandika."

"Nani anakuitikia?"

"Orodha inaniambia niulize kama yupo. Haijaniambia niulize ni nani." Kisha akalegea. "Twende basi. Twende ukaone."

Nyumba unaijua, imefungwa tangu mjomba alipohamia Nambambo kwa watoto wake. Nilitegemea kukuta majani hadi dirishani. Uani palikuwa peupe. Nilipouliza nani anafagia, Mzee Chilumba alisema upepo. Salfa ilikuwa imetua kila mahali, kwenye baraza, kwenye kizingiti, kwenye mtungi uliopasuka, unga wa njano laini usio na alama ya mguu. Kigoda kilikuwa pembeni ya mlango. Juu yake hapakuwa na vumbi.

"Wewe ndiye unakaa hapo?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi? Pale pana mwenyewe."

Akanyoosha shati, akasogea hatua mbili, akafungua daftari, akaita kama anavyoita siku zote. "Hodi! Bibi Siwema yupo?"

Mabomba ya salfa yalinyamaza kwa wakati ule, yote, kama vile watu walikuwa wanajaza mafuta pamoja. Na nikasikia sauti, ya polepole, yenye mkwaruzo mwishoni, ikisema, "Nipo, karibu."

Ilikuwa imetoka kinywani mwangu.

Sikuiandaa, Latifa. Sikuitaka. Ilikuwa sauti yake na pumzi yangu. Na nilikuwa nimeshika kiuno.

Mzee Chilumba hakushangaa. Alinitazama kwa utulivu, akatia alama, akafunika kalamu. "Si unaona?" akasema.

Sijui miezi mingine nani alimwitikia, na nimeamua sitamuuliza. Lakini kuhusu mwezi ule najua. Wote tuliokaa karibu na mstari ule tulikuwa tunapokezana kuitika. Wewe ulipoondoka, nafasi haikuondoka. Ilikuwa imefunguliwa kwa nguvu na mtu aliyeogopa kuandika tarehe moja, na ilikuwa inangoja yeyote mwenye mdomo.

Nilirudi na gari la kwanza. Nikaja moja kwa moja kwenye kabati la madaftari. Unajua sijawahi kuruka siku. Hata siku uliyozaliwa niliandika, mistari miwili, kwa penseli ya mkunga. Nikatoa daftari la mwaka ule. Tarehe nane Novemba nimeandika habari za uchungu wa mgongo na bei ya sabuni. Tarehe kumi nimeandika majina ya waliokuja msibani. Tarehe tisa nimeandika tarehe juu ya ukurasa, na chini yake hakuna kitu. Ukurasa mzima mweupe.

Niliutazama sana ukurasa ule. Kwa miaka kumi na miwili niliona aibu nao, niliona ndio siku pekee niliyoshindwa kazi. Juzi nikaona ndio mahali pekee nilipokuwa mkweli. Sikuandika kwamba yupo, sikuandika kwamba hayupo. Niliacha tupu, na nafasi ile tupu imekuwa ikiniuliza kila mwaka ninapolifungua daftari. Ofisini ndiko nilikojibu, nikajibu mara moja kwa siku zote, ili nisiulizwe tena.

Alhamisi asubuhi nilimpigia Neema nikampa tarehe. Akanifundisha jambo moja zaidi. Vipindi vyetu, siku ya kwanza imo ndani, siku ya mwisho inayoandikwa haimo. Ni siku ya kwanza ya kutokuwepo. "Kwa hiyo kama alifariki tarehe tisa, unaandika kumi. Tarehe tisa inabaki yake." Nilifurahi kwamba inabaki yake. Nikaondoa alama kwenye kisanduku, nikaandika 10 Novemba na mwaka wake, nikabonyeza hifadhi. Mstari wa mama yangu ukawa wa kijivu. Nilidhani nitaanguka mimi safari hii. Nilisikia njaa tu, nikaenda kununua chapati.

Neema alipowatenganisha, mstari wako uliinuka kutoka kwenye wafu wa ofisi yetu, mweusi, na namba yako mwenyewe, na siku uliyozaliwa. Hauna pengo. Miaka ile kumi na miwili ameirudisha kwako yote, Mandawa kisha Nachingwea, kama vile ulikuwepo. Ulikuwepo.

Jana Mzee Chilumba alinipigia simu.

"Orodha mpya imekuja. Bibi Siwema hayumo."

"Ndiyo, mzee wangu. Nimemwandika alipoishia."

Nikasikia akigeuza karatasi. "Sasa nikipita pale nifanye nini?"

"Pita tu."

"Nisipige hodi?"

Nilikifikiria kigoda, na uani palivyofagiliwa. "Piga," nikamwambia. "Ila usiandike."

"Na nikiitikiwa?"

"Salimia, uende zako."

Basi. Hilo ndilo nililokufanyia. Sikuombi unijibu leo. Ukiwa na hasira, nina madaftari kumi na mawili ya kukusaidia kuipanga. Sikuambii pia ulivue jina la bibi yako. Ni lako, ukitaka kumpa mtoto wako utampa. Ninachojua sasa ni kidogo sana. Kuna mambo utakayoyapenda mpaka utatamani kuyatilia ile alama, yasihojiwe tena, yakae vile vile. Mtu, au nyumba, au huzuni. Mimi nilifanya hivyo, na aliyelipa ni mtoto aliyekuwa karibu.

Asubuhi hii, kabla hujaondoka kwenda Mandawa, nilikwenda ofisini nikamalizia. Mstari wako wa Nachingwea nimeufunga kwa tarehe ya kesho. Maana yake, kwa hesabu ya mashine, kesho tangu saa sita usiku huishi tena hapa, hata kama utakuwa bado umelala kitandani kwako na baadaye unakunywa chai mezani kwangu. Nitakumiminia chai hiyo hivyo hivyo. Kisha nimefungua mstari mpya, Morogoro, kuanzia kesho. Kisanduku kilikuwepo pembeni. Sikukigusa. Siku ya mwisho nimeiacha tupu.

Kwa hiyo kila mwezi wa saba mashine itaniuliza: Latifa, bado yupo huko? Nami sitabonyeza kwa kukumbuka tu. Nitakupigia simu nikuulize wewe. Usichoke kuulizwa. Na jibu likibadilika, niambie lilivyobadilika, nitaliandika.

Nasikia pikipiki barabarani, labda ndiyo wewe. Jambo moja la mwisho. Kesho stendi patakuwa na kelele, nami nitakuwa nalia, na mdomo huu una mazoea ya miaka kumi na miwili. Nikikosea nikakuita Mama, usiitike. Panda ngazi za basi, kaa kwenye kiti chako, na usigeuze shingo mpaka unisikie nimekuita Latifa.

Mimi, mama yako